Jinsi ya Kujua Kama Rojo ya Maharage ya Kopo Inamfaa Asiyekula Gluteni na Wengine Wenye Masharti ya Mlo

Maharage yenyewe hayana gluteni. Kauli hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayowaponza watu wengi, kwa sababu rojo ya kuchovyea inayouzwa ikiwa imefungwa si maharage peke yake. Ndani yake mna maharage yaliyopikwa na kusagwa, maji, mafuta, chumvi, siki, vitunguu na pilipili, na mara nyingi mna vitu vingine vilivyotiwa ili rojo iwe nzito, isijitenge na maji, ikolee ladha na ikae rafuni miezi mingi bila kuharibika. Gluteni ikiwamo, huwa imeingia kupitia vitu hivyo, au kupitia mtambo uliotumika kiwandani, au kupitia kijiko cha mtu aliyekwisha kuifungua. Mwongozo huu unazifuata njia hizo moja baada ya nyingine, kisha unawageukia watu wengine wenye masharti ya mlo, kwa kuwa kopo lile lile linaweza kumfaa mgeni mmoja na kumdhuru mwenzake aliyeketi kando yake.

Hatua ya kwanza: amua unakwepa nini, na kwa nini

Gluteni ni jina la jumla la protini zilizomo katika ngano, shayiri na rai, pamoja na jamaa za ngano kama spelti na duramu, na nafaka chotara iitwayo tritikale. Watu huikwepa kwa sababu tofauti, na sababu yako ndiyo itakayoamua uwe mkali kiasi gani unaposoma lebo.

Kwa mtu mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao hukadiriwa kumpata takribani mtu 1 kati ya 100, kinga ya mwili hushambulia utando wa utumbo mwembamba kila gluteni inapofika huko, na madhara hayo yanaweza kuendelea kimyakimya hata pale ambapo tumbo haliumi. Kwake yeye, kutohisi chochote baada ya kula si ushahidi kwamba chakula kilikuwa salama. Mwenye mzio wa ngano ana tatizo jingine kabisa: anadhurika na protini za ngano na si lazima zile za shayiri au rai, lakini mwili wake unaweza kujibu ndani ya dakika chache na kwa ukali unaohatarisha maisha. Yupo pia mtu ambaye vipimo havikuonyesha siliaki wala mzio ila hupata nafuu anapopunguza ngano, na yupo aliyeamua tu kwa hiari yake. Hawa wawili wa mwisho wanaweza kuvumilia shaka ndogo ambayo wawili wa kwanza hawapaswi kuivumilia. Anayehisi kwamba ana siliaki lakini hajapimwa asiache gluteni kabla ya kumwona daktari, kwa kuwa vipimo vya ugonjwa huo huhitaji mtu awe bado anaila.

Tofauti kati ya gluteni na ngano inaonekana ndogo, lakini dukani ina uzito. Chakula kilichoandikwa kwamba hakina ngano kinaweza kuwa na shayiri, hivyo hakimfai mwenye siliaki. Kinyume chake nacho hutokea: kiwango cha kimataifa cha vyakula kiitwacho Codex kinaruhusu chakula chenye wanga wa ngano uliosafishwa hadi gluteni ikabaki chini ya kikomo kiitwe kisicho na gluteni, na chakula hicho bado ni hatari kwa mwenye mzio wa ngano. Kwa hiyo mwenye siliaki atafute maneno kuhusu gluteni, na mwenye mzio wa ngano asome orodha ya viambato hata kama upande wa mbele wa kopo unamhakikishia kwamba gluteni haimo.

Hatua ya pili: elewa maneno “haina gluteni” yanaahidi nini

Maneno hayo ni ahadi yenye kipimo. Kwa mujibu wa Codex, na vilevile kwa sheria za Umoja wa Ulaya na za Marekani, chakula kinachouzwa kwa jina hilo hakitakiwi kuzidi miligramu 20 za gluteni katika kila kilo. Marekani ilipitisha kanuni hiyo mwaka 2013. Australia na New Zealand ni wakali zaidi, kwani huko gluteni haitakiwi kugundulika kabisa katika kipimo. Zipo pia alama za uthibitisho zinazotolewa na mashirika ya nje ya serikali: ile ya suke la ngano lililokatwa na mstari, inayotumiwa na vyama vya wagonjwa wa siliaki vya Ulaya, hufuata kikomo cha miligramu 20, na ile ya GFCO iliyoanzia Marekani hufuata miligramu 10.

Ni vyema kuzigeuza tarakimu hizo ziwe chakula. Kopo la rojo lenye uzito wa gramu 200, likiwa limefika kwenye kikomo cha miligramu 20 kwa kilo, litakuwa na miligramu 4 za gluteni kwa jumla, na vijiko viwili vikubwa, ambavyo ni kama gramu 30, vitakuwa na miligramu 0.6 tu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, watu wenye siliaki walipewa kiasi kidogo cha gluteni kila siku kwa muda wa siku 90, na miligramu 50 kwa siku zilitosha kuharibu utumbo. Tangu hapo wataalamu wengi huchukulia miligramu 10 kwa siku kuwa kiasi ambacho wagonjwa walio wengi hukimudu. Unaona basi kwamba kopo lenye ahadi ya kweli lina nafasi ya usalama ya kutosha. Ishike akilini ile tarakimu ya miligramu 4, kwa sababu tutairudia mezani.

Ahadi hii ni ya hiari. Mtengenezaji halazimiki kuiandika hata kama rojo yake haina gluteni yoyote, kwa hiyo kukosekana kwa maneno hayo hakumaanishi kwamba gluteni imo. Kunamaanisha kwamba kazi ya kuchunguza imekuwa yako. Maneno mengine ya upande wa mbele, kama vile asilia, halisi au ya nyumbani, hayakuambii lolote kuhusu gluteni, nami ningeshauri macho yako yayapite tu.

Hatua ya tatu: soma orodha ya viambato neno kwa neno

Hapa ndipo penye kazi. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia, kwa hiyo katika rojo nzuri maharage au maji yatakuwa ya kwanza. Usiishie hapo, kwa kuwa gluteni hujificha mkiani mwa orodha, katika vitu vinavyotiwa kwa gramu chache.

Kwanza jua sheria ya nchi iliyoandaa lebo. Umoja wa Ulaya hutaka vizio 14, yaani vitu vinavyojulikana kusababisha mzio, viandikwe vikiwa vimetofautishwa na maneno mengine, kwa mfano kwa herufi nzito, na nafaka zote zenye gluteni zimo katika orodha hiyo. Sheria ya Marekani hutaja vizio 9, na ngano ni kimojawapo, lakini shayiri na rai hazimo. Maana yake ni kwamba katika kopo lenye lebo ya Kimarekani, mstari unaotaja vizio unaweza kukaa kimya kuhusu ngano huku shayiri ikiwa imeingia kupitia kiambato kingine. Mtu aliyezoea kusoma mstari huo peke yake ndipo anaponaswa.

Maneno yanayotosha kukufanya ulirudishe kopo rafuni bila kufikiri zaidi ni unga wa ngano, ambao wakati mwingine hutiwa ili rojo iwe nzito. Protini ya ngano iliyovunjwavunjwa, inayotiwa kwa ajili ya ladha. Kimea au dondoo la kimea, ambalo kwa kawaida hutokana na shayiri. Na sosi ya soya isiyofafanuliwa, kwani ile ya kawaida huchachushwa kwa soya na ngano pamoja. Siki ya kimea nayo hutokana na shayiri, na kwa vile haikukenekwa, mwenye siliaki aikwepe isipokuwa kama kopo lenyewe limeahidi kwamba halina gluteni. Siki iliyokenekwa, ya tufaha au ya zabibu haina tatizo hilo. Hapa pana mtego wa lugha pia: baadhi yetu tunaliita oti kwa jina la shayiri, na wengine wanatumia jina hilo kwa nafaka ya kutengenezea kimea peke yake. Unapomweleza mtu mwingine akununulie, hakikisha mnazungumzia nafaka moja.

Yapo maneno yanayotisha bure. Maltodekstrini ina mwanzo wa jina unaofanana na jina la kimea katika lugha za Ulaya, lakini hutengenezwa kwa wanga, mara nyingi wa mahindi, na hata ile inayotokana na ngano husafishwa kiasi kwamba Umoja wa Ulaya umeiondoa katika orodha ya vizio vinavyolazimika kutajwa. Monosodiamu glutameti, kikoleza ladha ambacho kati ya namba za E za viungio vya chakula kina E621, husikika kama ndugu wa gluteni, lakini ni chumvi ya asidi ya glutamiki na haina gluteni ndani yake. Vihifadhi vya kawaida vya rojo hizi, kama vile sorbeti ya potasiamu yenye namba E202 na benzoeti ya sodiamu yenye namba E211, havitokani na nafaka.

Katikati ya makundi hayo mawili yapo maneno yanayohitaji swali. Wanga uliobadilishwa kwa kawaida hutokana na mahindi, muhogo au viazi, na ukitokana na ngano sheria za Marekani na za Ulaya hutaka ngano itajwe, hivyo kimya cha lebo katika nchi hizo ni habari njema, kwingineko ulizia. Dondoo la hamira ni gumu zaidi, kwa kuwa linaweza kutengenezwa kwa hamira iliyobaki baada ya kutengeneza bia, nayo huja na mabaki ya shayiri. Ladha asilia na mchanganyiko wa viungo ni majina mapana yanayoweza kubeba mambo mengi. Katika lebo ya Ulaya gluteni iliyomo italazimika kutajwa, lakini katika lebo ya Marekani isiyo na ahadi yoyote ningeuliza kwanza. Kumbuka pia kwamba vipimo vya kawaida vya maabara havipimi vizuri gluteni iliyochachushwa au kuvunjwavunjwa, na ndiyo sababu Marekani iliongeza kanuni mahususi kwa vyakula vya namna hiyo mwaka 2020, inayomtaka mtengenezaji athibitishe kwamba malighafi ilikuwa safi kabla ya kuchachushwa.

Hatua ya nne: yapime maonyo ya “huenda ikawa na”

Mtambo uliosaga maharage leo huenda jana ulisaga sosi iliyotiwa unga wa ngano. Maharage makavu nayo yanaweza kufika kiwandani yakiwa na punje za ngano zilizotoka shambani, kwenye maghala au kwenye malori, ingawa kiwanda makini huyachambua kabla ya kuyapika. Kwa sababu hizo baadhi ya watengenezaji huandika kwamba bidhaa huenda ikawa na ngano, au kwamba imetengenezwa katika jengo linalotumia ngano.

Tatizo ni kwamba katika Marekani na Umoja wa Ulaya maonyo haya ni ya hiari, na hakuna kipimo kimoja kinachoamua nani ayaandike. Kampuni moja huyaandika kwa tahadhari ya kisheria ingawa mitambo yake ni safi, na nyingine hukaa kimya huku mashine zake zikibadilishana kazi kila siku. Kimya basi hakikuhakikishii chochote. Kama lebo ina ahadi ya kutokuwa na gluteni na wakati huohuo ina onyo kuhusu jengo, ahadi ile bado inaibana kampuni kwenye kikomo cha miligramu 20. Mwenye siliaki anaweza kuitegemea. Mwenye mzio mkali wa ngano asiitegemee, kwa kuwa kikomo hicho hakikuwekwa kwa ajili yake.

Hatua ya tano: uliza, na uliza vizuri

Lebo ikikuacha na shaka, iandikie kampuni kwa anwani iliyopo kwenye kopo. Swali la jumla kama hili, kwamba je, bidhaa yenu ni salama, litakuletea jibu la jumla. Uliza wanga umetokana na nini, dondoo la hamira limetokana na nini, mtambo huo unatumika kwa bidhaa zenye ngano, shayiri au rai, na kama unatumika, unasafishwa vipi na bidhaa hupimwa mara ngapi. Taja aina kamili ya rojo na namba ya toleo iliyopigwa chapa kwenye kopo, kwa kuwa rojo ya maharage meusi, ile ya pilipili na ile ya jibini zinaweza kutoka katika kampuni moja na kuwa na viambato tofauti kabisa.

Jibu hilo halidumu milele. Watengenezaji hubadilisha mapishi bila kupiga mbiu, kwa hiyo lebo isomwe kila unaponunua.

Hatua ya sita: pitia masharti mengine ya mlo

Kwa asiyeweza maziwa, rojo ya maharage ya kawaida mara nyingi inafaa, lakini zile zenye jibini au krimu hazifai, na hata zile zisizoonekana kuwa na maziwa zinaweza kuwa na unga wa whei, kaseini au kaseineti, vyote vitokanavyo na maziwa, vilivyotiwa ili ziwe laini. Mtu asiyemudu laktosi na mwenye mzio wa maziwa wasichanganywe: chakula kisicho na laktosi bado kina protini za maziwa, ambazo ndizo zinazomdhuru mwenye mzio.

Kwa wasiokula nyama, na kwa vegani wasiokula chochote kitokanacho na mnyama, adui wa jadi ni mafuta ya nguruwe. Maharage ya kupondwa na kukaangwa ya Meksiko, ambayo ndiyo msingi wa rojo nyingi za kopo, kwa asili hupikwa kwa mafuta hayo, na bado zipo kampuni zinazoyatumia. Tazama pia jelatini, rangi ya kochinili yenye namba E120 inayotokana na wadudu, na jibini iliyogandishwa kwa reneti, yaani kimeng'enya cha tumbo la ndama. Kiungio chenye namba E471, kinachozuia mafuta na maji yasitengane, kinaweza kutokana na mafuta ya mimea au ya wanyama, na lebo mara nyingi haisemi ni yapi. Wakristo wa Kiorthodoksi walio katika mfungo wanaweza kutumia ukaguzi huu huu. Neno vegani halihusu mzio: rojo ya vegani iliyotengenezwa katika mtambo wa jibini inaweza kuwa na chembe za maziwa.

Mwislamu ataanza na mafuta ya nguruwe, jelatini na vimeng'enya vya jibini, kisha ataangalia kama ladha zilizotiwa zimeyeyushwa katika pombe, jambo ambalo lebo huwa haisemi na ambalo alama ya halali ya shirika analoliamini humwondolea. Siki kwa kawaida haina shida. Myahudi anayeshika kosher hutafuta alama inayosema kama rojo ni ya maziwa au ni pareve, yaani haina nyama wala maziwa, ili ajue ataila pamoja na nini. Wakati wa Pasaka ya Kiyahudi lipo sharti la ziada: Waashkenazi, yaani Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, kwa desturi hawali jamii ya kunde katika siku hizo, ingawa madhehebu ya Kiyahudi ya Conservative yaliruhusu mwaka 2015, na Wasefardi, wenye asili ya Hispania na Ureno, wengi wao huzila.

Kuhusu mzio mwingine, angalia ufuta, ambao huingia pale maharage yanapochanganywa na tahini, yaani ufuta uliosagwa, na ambao Marekani iliuongeza katika orodha yake ya vizio kuanzia tarehe 1 Januari 2023. Haradali, selari na salfaiti hutajwa katika lebo za Ulaya lakini hazimo kati ya vizio 9 vya Marekani. Mwenye mzio wa karanga huuliza kama maharage ni hatari kwake kwa kuwa yote ni jamii ya kunde. Walio wengi huyala bila shida, lakini lupini, mbegu nyingine ya jamii ya kunde ambayo unga wake hutumika katika baadhi ya vyakula visivyo na gluteni, inafanana zaidi na karanga na huwadhuru baadhi yao.

Jambo ambalo miongozo mingi hulisahau ni aina ya maharage yenyewe. Mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi iliyoenea zaidi katika maeneo yaliyokuwa na malaria kwa karne nyingi, anaweza kuvunjikiwa na chembe nyekundu za damu akila maharage mapana yaitwayo fava, kwa sababu ya kemikali mbili zilizomo, visini na konvisini. Maharage ya kawaida, meupe, meusi au yenye madoa, hayana hatari hiyo. Kama lebo inasema maharage tu bila kutaja aina, na mlaji ana upungufu huo, rojo hiyo isiliwe hadi ijulikane.

Kwa mwenye ugonjwa wa tumbo ujulikanao kwa kifupi IBS, anayefuata mlo wenye FODMAP kidogo, yaani sukari na wanga mfupi unaochachuka tumboni, ulioandaliwa na Chuo Kikuu cha Monash cha Australia, habari si nzuri. Maharage yana sukari za rafinozi na stakiozi ambazo utumbo wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, zikafika kwa bakteria na kutengeneza gesi. Na vitunguu maji na vitunguu saumu, hata vikiwa vya unga, vina fruktani, aina nyingine ya wanga wa kundi hilo. Maharage ya kopo yaliyomwagwa maji na kusuuzwa hupungukiwa na sukari hizo kwa sababu huyeyuka katika maji, lakini katika rojo kila kitu husagwa pamoja. Mtu huyu ni heri ajisagie mwenyewe maharage yaliyosuuzwa, ale kidogo, na atie mafuta yaliyopitishiwa kitunguu saumu badala ya kitunguu chenyewe, kwa kuwa fruktani haiyeyuki katika mafuta. Watu kadhaa wanaodhani gluteni ndiyo inayowajaza tumbo kumbe wanasumbuliwa na fruktani, nazo zimo katika ngano na katika kitunguu vilevile.

Mwenye kisukari ana nafasi nzuri zaidi. Wanga wa maharage humeng'enywa polepole na huja na nyuzinyuzi na protini, hivyo sukari ya damu hupanda taratibu. Ahesabu kabohaidreti kwa kiasi atakachokula kweli, si kwa kipimo cha vijiko viwili kilichoandikwa, na aangalie kama sukari imeongezwa. Anayefuata mlo wa keto, ambao kwa kawaida hubaki chini ya gramu 50 za kabohaidreti kwa siku, anaweza kumudu kijiko au viwili kama atavihesabu. Mlo wa paleo unakataza jamii yote ya kunde, kwa hiyo hapo hakuna cha kusoma.

Chumvi ndiyo kasoro ya rojo karibu zote. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, sawa na gramu 5 za chumvi. Chukua mfano wa rojo yenye miligramu 200 za sodiamu katika gramu 30: atakayemaliza kopo la gramu 200 atakuwa amekula zaidi ya miligramu 1,300 kabla hajahesabu alichokuwa akichovya. Lebo za Ulaya huandika chumvi badala ya sodiamu. Zidisha sodiamu kwa 2.5 upate chumvi. Chumvi inayozidi gramu 1.5 katika gramu 100 huhesabiwa kuwa nyingi katika lebo za rangi za Uingereza. Mwenye ugonjwa wa figo awe mwangalifu na rojo yenye sodiamu kidogo, kwani huenda chumvi ya kawaida imebadilishwa na kloridi ya potasiamu, na maharage yenyewe tayari yana potasiamu nyingi. Viambato vyenye neno fosfeti navyo humhusu, kwa sababu fosforasi ya kutiwa kiwandani hufyonzwa mwilini kwa wingi kuliko ile iliyomo katika mbegu.

Hatua ya saba: linda rojo baada ya kuifungua

Rojo hailiwi peke yake. Krispi za mahindi zinaweza kuwa zimekaangwa katika mafuta yaliyokaanga vitu vya ngano, na tortila zinazouzwa kuwa za mahindi wakati mwingine huchanganywa na unga wa ngano ili zisikatike, kwa hiyo zote zipitishwe katika hatua zile zile. Karoti, matango na pilipili hoho mbichi hazina lebo ya kusoma.

Sasa rudi kwenye zile miligramu 4. Kipande kimoja cha mkate wa ngano chenye gramu 30 kina takribani gramu 2 za gluteni, kwa hiyo chembe ya mkate yenye uzito wa gramu 0.1, ambayo hata huioni vizuri ikizama ndani ya rojo, hubeba miligramu 6 au 7. Chembe hiyo moja inazidi gluteni yote ambayo kopo zima la gramu 200 lingeruhusiwa kuwa nayo lilipotoka kiwandani. Ndiyo sababu mwenye siliaki apakuliwe kwanza, kwa kijiko safi, katika bakuli lake, kabla wenzake hawajaanza kuchovya mkate. Na kopo lililobaki liandikwe jina lake, lifunikwe na kuwekwa kwenye jokofu, kwenye rafu ya juu ambako makombo hayaangukii. Likikutwa asubuhi likiwa na alama za mkate juu yake, wape wengine walimalize.